Saa Tatu kwa Miguu Kutoka Boma la Kale: Tathmini ya Ziara ya Majengo ya Kale ya Dar es Salaam

Ziara ninayoitathmini hapa hufanyika Jumamosi mbili za kila mwezi. Huanza saa mbili na nusu asubuhi mbele ya Boma la Kale kwenye Barabara ya Sokoine, ng'ambo ya pale wanapopandia abiria wa boti za Zanzibar, na huchukua saa tatu hivi kwa miguu. Mimi na mama yangu tulilipa shilingi 25,000 kila mmoja, na siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja. Waendeshaji ni vijana wanne waliosomea usanifu majengo. Sitalitaja jina la kikundi chao, kwa sababu wawili kati yao walituambia waziwazi kwamba mishahara yao inatoka katika kampuni zinazochora maghorofa yanayoinuka juu ya vifusi vya majengo kama haya wanayotuonyesha. Kwangu mimi hilo linaipa ziara uzito wake, maana anayekueleza jinsi jengo linavyofikia kubomolewa ni mtu ambaye amewahi kuketi kwenye kikao kilichopanga kulibomoa.

Kituo cha kwanza ni Boma lenyewe, lililojengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyekusudia kuufanya mji huu kuwa makao yake ya bara na akafariki mwaka 1870 kabla ndoto hiyo haijakamilika. Jengo limekarabatiwa na sasa lina kituo cha urithi wa usanifu pamoja na maonyesho ya historia ya ujenzi wa jiji, ambayo yanastahili kutembelewa hata na asiyekwenda kwenye ziara. Kiongozi wetu hakutukalisha sana kwenye maonyesho. Alitusimamisha ndani ya chumba kimoja akatutaka tuhesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akatueleza kwamba katika nyumba za mawe ya matumbawe upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana nyumba hizo huwa na vyumba virefu na vyembamba hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa na fedha za kutosha na kiwanja cha kutosha.

Baadaye, kwenye ukuta wa ghala moja kuukuu mtaani, alitufundisha jambo ambalo sikulijua ingawa nimepita hapo miaka mingi. Ukuta ule wa mawe na chokaa ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na chini yake, usawa wa goti, lipu ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe wa chumvi. Aliuparua kwa ukucha, ukadondoka. Chokaa hupumua, alisema, hupokea unyevu na kuutoa, lakini saruji huufungia ndani, hivyo maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea na huanza kuula ukuta kutoka tumboni. Baada ya miaka kadhaa mkaguzi atafika, ataona nyufa, na ataandika kwamba jengo ni hatari kwa watumiaji. Kwa maneno mengine, ukarabati mbaya huandaa hoja ya kubomoa, na mara nyingi aliyefanya ukarabati huo alikuwa na nia njema kabisa.

Lakini kabla hatujaondoka kwenye kivuli cha Boma tulikuwa tumeelezwa kuhusu sheria, na ninaona hii ndiyo robo saa iliyostahili peke yake zile shilingi 25,000. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi wowote mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sasa fikiria, msomaji, mji ambao Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860, ambao Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, ambao Waingereza waliupanua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambao Tanzania huru iliendelea kuujenga: ukiondoa magofu ya Kunduchi na machache ya aina hiyo pembezoni, karibu Dar es Salaam nzima imezaliwa upande usiolindwa wa mstari huo. Hata Boma la Kale limeukosa kwa miaka mitatu au minne. Kwa Bagamoyo au Kilwa mwaka huo uliochaguliwa ungeweza kueleweka, lakini kwa Dar es Salaam ni sawa na kumpa mtoto shuka la futi moja na kumwambia ajifunike.

Vituo vinavyofuata ni vile ambavyo kila mtalii huoneshwa, nami nitavipitia haraka. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara wa vigae vyekundu na vipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha ili jua lisiingie, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897, yote mawili yako salama kwa sababu yana waumini, na waumini huchanga. Nyumba ya Atiman nayo ni ya enzi za Majid, na ilinipendeza kwamba kiongozi alitumia dakika chache kumweleza Adrian Atiman mwenyewe, mtu aliyeuzwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta na kutibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ilipigwa picha na kila mtu, kama kawaida yake. Swali zito pekee katika sehemu hii lilitoka kwa mwanafunzi mmoja, aliyeuliza nini kitayapata majengo ya Kijerumani yaliyokuwa ofisi za wizara, kwa kuwa serikali imehamia Dodoma. Kiongozi alijibu kwamba jengo lisilo na mtumiaji ni jengo lililoanza kufa, akaendelea na safari.

Ziara inapata moyo inapoingia mitaa ya Uhindini, yaani Zanaki, Jamhuri, Indira Gandhi, Kisutu na vichochoro vinavyoiunganisha. Hapa hakuna kasri wala kanisa la kumvutia mgeni. Kuna nyumba za ghorofa moja au mbili ambazo chini ni duka na juu ni makazi, nyingi zilizojengwa kati ya miaka ya 1920 na 1950, na ukiinua macho kupita mabango ya simu na nyaya za umeme utaona juu ya paji la jengo jina la aliyelijenga au la mke wake au la binti yake, na chini yake mwaka. Tulisimama mbele ya moja ambalo roshani yake ilikuwa imechongwa kwa zege lililokunjwa kona kama karatasi, na vibao vya mbao vya madirisha yake bado vilifunguka na kufungwa kwa kusukuma kijiti kimoja. Kiongozi alituomba tuvuke barabara, tusimame chini ya roshani ile kwa dakika mbili, kisha tuvuke tena tusimame chini ya jengo jipya la vioo lililokuwa mkabala. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Sihitaji kueleza tofauti. Mama yangu alikataa kuvuka mara ya pili, akabaki kwenye kivuli akijipepea kwa kipeperushi cha ziara.

Mama ndiye aliyeanzisha mazungumzo na fundi cherehani mmoja, mzee aliyekuwa ameketi mlangoni pa jengo hilo. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alitutazama na kamera zetu akasema, "Nyie wanangu mnakuja Jumamosi moja mnaondoka. Mimi ninalala humu. Masika yakianza ninakinga ndoo tatu, na nyaya za humu ukiziona hutawasha taa." Kiongozi wetu kijana hakumkatiza wala hakumbishia, na hapo nilimheshimu. Kisha mzee akaongeza jambo la pili ambalo lilinikaa zaidi: kwamba hataki jengo libomolewe, kwa sababu siku likibomolewa yeye hatarudi. Fremu za maduka katika jengo jipya zitapangishwa kwa bei ambayo hakuna suruali atakayoshona itakayoweza kuilipa.

Nililipenda tukio hilo kwa sababu watetezi wengi wa majengo ya kale, nami nikiwa mmoja wao, huzungumza kana kwamba tatizo ni uzuri unaopotea. Katika mitaa ile linalopotea kwanza ni pango nafuu katikati ya mji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia katika Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji walikaa miaka mingi kwa kodi ndogo, wakahamishiana vyumba kwa kilemba, yaani malipo ya kukabidhiana chumba, na hakuna aliyeona faida ya kupaka chokaa ukuta usio wake. Ilipofika zamu ya kuviendeleza viwanja kwa ubia na wawekezaji, hesabu ilikuwa rahisi mno: kiwanja kile kile chenye maduka manne na familia nne kinaweza kubeba ghorofa kumi na tano. Kiongozi alituchorea hesabu hiyo kwa kidole hewani, akitumia istilahi za ofisini kwake, na sikuwahi kuielewa vizuri namna ile.

Hakukwepa pia kutupeleka mahali penye uchungu. Katika Mtaa wa Indira Gandhi, asubuhi ya Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa bado linajengwa lilianguka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watu hupenda kuwatisha wenzao kwa majengo ya kale yanayoweza kuanguka, lakini katika mtaa ule lililoanguka lilikuwa jipya. Kikundi kilikaa kimya kidogo, kisha tukaelekea kwenye duka la kahawa, ambapo kashata ilijumuishwa katika bei.

Sasa niseme kasoro, na kubwa kuliko zote ni kwamba ziara inaishia Mnazi Mmoja. Wakoloni waliugawa mji kwa kanda za ujenzi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama uwanja wa kutenganisha kanda mbili za mwisho. Ziara inayodai kueleza urithi wa jiji lote inafika kwenye uwanja huo huo inasimama, inageuka, inarudi Posta. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba Kariakoo hakuna kilichobaki cha kuonesha na kwamba msongamano ni mkubwa. Jibu la kwanza halikunitosheleza hata kidogo. Kariakoo ilikuwa mji mzima wa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko, choo na mti wa kivuli. Nyumba hizo zilijengwa kwa miti na udongo, nyingi baadaye kwa matofali, na mafundi ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwaandika majina. Kwa kuwa hazina mnara wala mwaka juu ya paji, zimebomolewa bila mtu kuandika barua hata moja ya malalamiko.

Ninalisema hili nikiwa na hatia yangu. Nyumba ya bibi yangu, alimozaliwa mama, ilikuwa Kariakoo, na mimi ni mmoja wa warithi walioweka sahihi ilipotolewa kwa mwekezaji kwa ahadi ya fremu mbili na makazi ghorofa ya sita. Mwekezaji huyo, ambaye simtaji, alichelewa miaka minne, na fremu tulizopata ziko upande wa nyuma ambako wateja hawafiki. Lakini hata kama angetimiza kila kitu kwa wakati, lile baraza ambalo wazee watano waliketi kila alasiri halikuwamo kwenye mkataba, kwa sababu hakuna kati yetu aliyefikiria kulidai. Tulipofika ukingoni mwa Mnazi Mmoja mama alinyoosha mkono kuelekea upande ule akawaambia wenzetu, "Nyumba yetu haikuliwa na mchwa. Imeliwa na mirathi." Kiongozi alitoa daftari akaiandika sentensi hiyo, jambo lililonionesha kwamba wanasikiliza, na kwamba wangepata mengi zaidi kama wangewapa wakazi wa zamani nafasi rasmi ya kusema badala ya kusubiri bahati ya kuwa na mama yangu kwenye kikundi.

Kuhusu kutokuwepo cha kuonesha, soko lenyewe la Kariakoo linatosha kuwa kituo. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake ni miavuli ya zege inayopokea maji ya mvua na kuyateremsha kupitia nguzo. Lilipoungua Julai 2021 ningetegemea, kwa desturi tulizozizoea, kwamba lingepigwa kijiko na kubadilishwa kuwa mnara. Badala yake soko kuu likakarabatiwa, miavuli ikabaki, na jengo jipya likajengwa pembeni. Huo ni mfano hai, uliolipiwa na serikali yetu wenyewe, wa jinsi ya kuongeza nafasi ya biashara bila kufuta kilichokuwepo, nami sielewi ni kwa nini ziara ya watu wanaotetea majengo inauacha mita mia chache tu nyuma ya mgongo wake.

Kasoro nyingine ni ndogo na zinarekebishika. Kiongozi ana sauti nzuri lakini haina uwezo wa kushindana na bodaboda za Mtaa wa Jamhuri, na kipaza sauti kidogo cha begani kingesaidia. Kipeperushi kina ramani nzuri, ila Kiswahili chake kimeandikwa kwa haraka, na neno moja la "roshani" limetumika kwa vitu vitatu tofauti. Hakuna mahali palipopangwa pa kupumzikia kwa wazee kabla ya duka la kahawa, wala hakuna choo kilichotajwa. Mama alilazimika kuomba katika hoteli moja, na tulisubiriwa bila kunung'unikiwa, jambo ambalo ninawashukuru. Maji ya kunywa uende nayo mwenyewe, na viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu vifuniko vya mifereji vingi havipo.

Lakini kuna pungufu moja ambalo si la starehe. Saa tatu nzima tulijazwa hasira, kisha tukaagwa bila kuelezwa pa kuipeleka. Mwananchi anayetaka kupinga anaweza kuanza na kitu kidogo sana: bango la maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, lile la maandishi madogo linalofungwa kwenye uzio wa kiwanja na ambalo sote hulipita tukidhani ni tangazo la dalali. Bango hilo humtaka mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi katika muda uliotajwa. Kama kiongozi angetusimamisha mbele ya moja tu, akatusomea mstari kwa mstari, akatuonesha barua ya pingamizi inaandikwaje na inapelekwa dirisha gani, tungerudi nyumbani tukiwa na kazi ya kufanya. Nilimwambia hivyo tulipokuwa tukiagana. Alicheka kidogo akasema kwamba mwajiri wake huangalia simu mara kwa mara na angeliona hilo, nikamwelewa, ingawa bado ninaona mwenzake mmoja asiyeajiriwa angeweza kulibeba jukumu hilo.

Nimewapa nyota nne kati ya tano. Anayefaa kwenda kwanza si mgeni wa nje, ambaye atafurahia picha na kuondoka, bali mkazi wa Dar es Salaam mwenye nyumba ya urithi ambayo ndugu wameanza kuijadili kwenye vikao vya familia. Aende kabla ya kutia sahihi.

Nilirudi peke yangu miezi minne baadaye ili kuona kama wamerekebisha waliyoambiwa. Kipaza sauti kilikuwepo, na kipeperushi kilikuwa kimehaririwa. Tulipofika kwenye ile nyumba ya roshani iliyokunjwa kona tulikuta mabati ya bluu yamezungushwa mpaka ukingo wa barabara, kiti cha fundi cherehani hakipo, na juu ya mabati lile paji lenye jina na mwaka bado likionekana. Kiongozi hakuruka kituo. Alitupanga kwenye jua, mkabala na mabati, akatoa simu yake, na akaanza kutuonesha roshani ile kwenye picha, akiipitisha simu mkono kwa mkono. Pembeni mwa geti kulikuwa na bango. Safari hii alilisoma lote kwa sauti, mpaka tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi, ambayo ilikuwa imepita siku tisa.